Mume wangu akianguka baharini nami niko peke yangu kwenye boti, nitamtoaje?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi na mume wangu tuna boti ya matanga ya futi 36, tunaiegesha Mtwapa. Januari tunataka kushuka nayo hadi Pemba, sisi wawili tu. Yeye ana kilo 94, mimi nina 58. Kila kitu anakijua yeye. Mimi nashika usukani na kupika. Juzi nilimwuliza, "Ukianguka majini mimi nitafanyaje?" Akacheka, akasema hataanguka. Jibu hilo halikunitosha. Video nilizotazama zote zina watu sita kwenye boti. Naomba unieleze la kufanya mtu akiwa peke yake. (Bi. Z., Mtwapa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kicheko cha mumeo nimekisikia sana kwa wanaume wenzangu, kwa hiyo kabla hatujaanza msomee kisa hiki. Ufaransa walikuwa na baharia aitwaye Éric Tabarly, aliyeshinda mbio za kuvuka Atlantiki peke yake mara mbili, 1964 na 1976. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema hataanguka, ni huyo. Usiku wa kuamkia 13 Juni 1998, karibu na pwani ya Wales, wakibadilisha tanga kwenye boti yake ya zamani Pen Duick, foromali, mti unaobeba tanga, ilimpiga, akaenda majini. Hakuwa na jaketi wala kamba ya usalama. Wenzake waliokuwa naye hawakumwona tena, na mwili wake ulinaswa na wavuvi wiki kadhaa baadaye.

Akishamaliza kucheka, mwambie akusaidie kufunga vifaa nitakavyovitaja.

Video ulizotazama zinafundisha kugeuza boti. Kugeuza boti kunapendeza machoni: tanga linapigapiga, nahodha anapaza sauti, boti inachora nane juu ya maji, na "mtu" anaokotwa kwa upondo wenye kulabu. Ila mtu huyo ni boya lililofungwa ndoo. Boya halina kilo 94. Kwa watu wawili kama nyinyi, kinachonitia hofu zaidi ni ile dakika umeshamfikia, umemshika mkono, anakutazama, na huwezi kumpandisha.

Niliwahi kulijaribu hili na wanafunzi watano katika mkono wa bahari wa Kilifi. Maji shwari, nanga iko chini, hakuna wimbi. Kijana mmoja wa kilo 80 aliingia majini na jaketi, tukamwambia ajilegeze kama maiti. Wanaume watatu wakainama ubavuni wakamshika mikono. Walimpandisha mpaka kifuani, hapo akakwama. Waya wa ukingo uliwakata mapajani, jaketi lake likajipachika chini ya kingo ya sitaha, suruali imejaa maji inamvuta chini. Wakajaribu mara ya pili, mara ya tatu, mmoja akashika kiuno akakaa. Binti mmoja, mwepesi kuliko wote, alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake. Nikampa seti ya kapi na mkono wa winchi, ile ngoma ya kuvutia kamba. Alimpandisha yule kijana peke yake, bila kuhema sana, na chai yake ilikuwa bado vuguvugu.

Kwa hiyo utafanya kazi tatu: kwanza kutomwacha mbali, pili kumfunga kwenye boti, tatu kumpandisha. Nitakaa zaidi kwenye ya tatu, lakini ya kwanza ikikosewa hizo nyingine hazipo.

Boti yenu ikienda maili 6 za baharini kwa saa inakata mita 3 kila sekunde. Ukibutwaa sekunde 10, yuko mita 30 nyuma. Dakika moja, mita 185. Na kichwa cha mtu majini hakizidi nazi inayoelea. Katika mawimbi ya Mlango wa Pemba nazi hiyo, ikiwa mita 200 kutoka kwako, utaiona na kuipoteza, utaiona na kuipoteza, halafu hutaiona.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ni kutupa boya, sekunde ileile, hata kabla hujamaliza kupiga kelele. Usilenge, tupa. Fuatisha mito ya viti, dafrao (mipira ya kukinga ubavu wa boti), chochote kinachoelea. Havitamfikia vyote, ila vitakuachia njia ya vitu vinavyoonekana kutoka kwake hadi kwako. Boya liwe na bendera juu ya mti mrefu na taa inayowaka yenyewe likigusa maji, na liwe limepachikwa tu nyuma. Nimeona maboya yaliyofungwa kwa mafundo manne ili "yasiibiwe".

Kisha bonyeza kitufe cha MOB (cha kuweka alama ya mtu aliyeanguka majini) kwenye GPS na ukishikilie mpaka kikubali. Kisha simamisha boti.

Kusimamisha huku ndiko ambako video hazikufundishi vizuri, kwa sababu hakupendezi kamera. Kwanza zima otopailoti, mtambo unaojishikia usukani. Watu hupoteza muda wakishindana na usukani unaowarudisha. Halafu zungusha usukani omo, yaani mbele ya boti, ielekee kwenye upepo na iupite kabisa, huku demani, kamba inayoshikilia tanga la mbele, huigusi. Iache ilivyo. Tanga la mbele litashikwa na upepo kwa upande usio wake, litaanza kuisukuma omo kando, na boti itapoteza mwendo. Hapo zungusha usukani upande wa pili, kana kwamba unataka kurudi kwenye upepo, uufunge. Boti italala, ikisogea kiubavu polepole kama ng'ombe anayeota jua. Mabaharia wengine wataona aibu matanga kukaa hivyo. Wewe umepata boti iliyotulia, mita chache kutoka kwa mumeo, na mikono yako miwili iko huru. Mara nyingine mtu anayejiweza huogelea mwenyewe mpaka ubavuni, na kazi ya pili inakuwa imeisha.

Lakini mnakwenda Januari, na Januari ni kaskazi. Upepo utakuwa nyuma ya bega lenu, na bila shaka mumeo atalifunga bumu, ule mti wa chini ya tanga kuu, kwa kamba ya kulizuia lisiruke upande wa pili. Afanye hivyo, ni jambo jema. Machi 2018, kwenye mbio za Volvo Ocean Race, John Fisher aliangushwa baharini magharibi ya Rasi ya Horn tanga kuu lilipojipindua bila kutarajiwa na mitambo ya demani ikampiga. Hakupatikana. Tatizo ni kwamba kamba hiyo ya kuzuia bumu ikiwa imefungwa mbele, wewe ukigeuza omo kwenye upepo, tanga kuu litashikwa kinyume na boti itagoma kugeuka. Basi kamba ipitishwe hadi nyuma, iishie mahali unapopafikia ukiwa umeshika usukani. Ukisikia "mtu majini", unaifungua hiyo kwanza, unavuta demani ya tanga kuu huku unageuka. Mfanye zoezi hili moja kila siku mnapotoka, kwa dumu la lita 20 lililojazwa maji nusu, mpaka mkono wako uijue kamba bila jicho.

Sasa kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo. Kitufe kile cha GPS huweka alama juu ya sakafu ya bahari, si juu ya mumeo. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini. Wakati wa kusi, kwenye Mlango wa Pemba, hufika maili 3 hadi 4 kwa saa. Wakati wa kaskazi hudhoofu, lakini bado unapanda kinyume na upepo, na ndio unaofanya mawimbi yawe mafupi na yenye hasira. Chukua mkondo mdogo tu wa maili moja kwa saa: baada ya dakika 20 mumeo yuko mita 600 na ushei kaskazini mwa alama. Kwa mkondo wa kusi wa maili 3, yuko maili nzima. Nimewahi kumwona nahodha mzuri akizunguka alama yake kwa bidii, akitafuta mfuniko wa jokofu uliokuwa umepeperuka, huku mfuniko uko kwa mbali kaskazini unameremeta juani. Tulicheka siku hiyo, kwa kuwa ulikuwa mfuniko.

Boya lako, mto wa kiti na mumeo vinabebwa na maji yaleyale, ingawa upepo utavisukuma vyepesi zaidi kuliko yeye. Ndiyo maana boya zuri huwa na kitambaa kama ndoo kinachoning'inia chini yake, lisikimbie na upepo. Ukimpoteza machoni, anza kwenye alama, dondosha dafrao hapo, litazame dakika mbili linaelekea wapi, kisha fuata njia hiyo.

Kumrudia, tumia injini. Kuna watakaokuambia baharia wa kweli hurudi kwa matanga. Waambie waje wao. Kunja tanga la mbele, vuta tanga kuu katikati au lishushe kama una muda. Halafu zunguka boti nzima ukitazama majini: hakuna kamba inayoburuta? Hakuna? Ndipo uwashe. Kamba ikijisokota kwenye rafadha, pangaboi ya injini, umepoteza injini, na kwa mtu aliye peke yake hilo ni pigo kubwa.

Kwa boti za watu wawili mimi napendekeza kitanzi kinachoelea. Wamarekani wa Seattle walikibuni karibu na mwaka 1980, wakiwafikiria hasa wenzi kama nyinyi, mke amebaki juu na mume mzito yuko majini. Ni ukosi laini wa kuelea, kama kiatu cha farasi, wenye kamba inayoelea ya mita 45 iliyofungwa nyuma ya boti. Unautupa, unamzunguka mumeo polepole kwa injini. Kamba inajikunja kuelekea ndani ya duara mpaka inamgusa. Anaishika, anauvuta ukosi kwake, anauvaa chini ya makwapa. Hukuhitaji kulenga wala kumkaribia kwa rafadha inayozunguka. Akishaushika tu, weka gia huru na usimamishe boti kabisa. Usimburute. Mtu anayevutwa hata kwa mwendo wa kutembea hunywa maji, na ukiongeza kidogo anazama mbele ya macho yako, jaketi na yote. Sasa mvute taratibu mpaka ubavuni, kamba ukiizungusha kwenye winchi ili ulichopata usikipoteze.

Kama huna ukosi, mfikie kutoka upande wa chini ya upepo, omo karibu kuelekea upepo, polepole, na usimame yeye akiwa upande usio na upepo, yaani boti iko kati yake na upepo. Hapo boti itamsogelea yenyewe, na ubavu wake utamkinga na mawimbi. Lenga awe katikati, penye nyaya za mlingoti. Usimlete tezini, nyuma ya boti: kule boti inapanda na kushuka kama kinu, na rafadha iko kule. Akiwa karibu, gia huru, na mkono wako utoke kabisa kwenye gia.

Kabla ya jingine lolote, mfunge. Kamba yoyote, mahali popote kwenye jaketi lake, iende kwenye kitu imara cha boti. Sasa hamtaachana tena, na ndipo unapoweza kupumua na kushika redio kama ulikuwa hujaishika.

Turudi kwenye kapi.

Boti yenu ina urefu wa zaidi ya mita moja kutoka maji hadi sitaha, na juu yake kuna waya wa ukingo. Kwa hiyo lazima uwe na kitu juu kabisa cha kuvutia, na kitu hicho kipo tayari: henza, kamba ya kupandishia tanga. Henza ya tanga kuu inafaa. Ile ya akiba inayotoka mbele ya mlingoti ni bora, maana inaelea huru pande zote. Tatizo ni winchi. Zile za mlingotini kwenye boti nyingi ni ndogo. Kubwa ziko nyuma, za tanga la mbele, na winchi ya namna hiyo kwenye futi 36 kwa gia ya polepole huzidisha nguvu yako kama mara 40. Hesabu kavu inasema kilo 94 zinakuwa kilo mbili na nusu kwenye mkono wako. Msuguano utakula sehemu, tuseme zimekuwa tano au sita. Kilo sita unaziweza. Ndoo ya maji ni nzito zaidi. Itakuwa polepole tu. Kwa hiyo mumeo afunge kapi la kugeuzia chini ya mlingoti au pembeni ya sitaha, ili henza iweze kufika kwenye winchi hiyo bila kusugua kitu. Afunge sasa hivi, likae hapo moja kwa moja.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni seti ya kapi mbili yenye kamba nne kati yake. Iandaliwe mapema ndani ya mfuko wake, mfuko uning'inie mahali pasipojaa vitu vya kupikia. Unaifunga kapi ya juu kwenye henza, unaipandisha mpaka mita 3 hivi juu ya sitaha, na kapi ya chini, yenye kulabu inayojifunga, inashuka hadi kwenye maji. Unaipachika kwenye kitanzi cha kuinulia cha jaketi lake, na mkia wa kamba unaupeleka kwenye winchi yoyote uliyo nayo, hata ndogo. Kamba iwe na urefu wa kutosha: kapi za mara nne zikifunguka mita 5 zinakula mita 20, ongeza ya kufika winchi, nunueni mita 30. Watu hununua zile seti fupi za dukani, siku ya siku kulabu inaning'inia nusu mita juu ya mkono wa mtu.

Kosa jingine ni kutoipandisha kapi ya juu vya kutosha. Kapi mbili zikikutana, kuvuta kumekwisha, na kama wakati huo yeye bado yuko chini ya waya wa ukingo, umemning'iniza tu kama papa wa mnadani. Pima mkiwa nchi kavu. Na ule waya wa ukingo, mwisho wake wa nyuma ufungwe kwa kamba nyembamba badala ya chuma, na kisu kikae karibu. Ukikata kamba hiyo, waya unaanguka, na umepunguza nusu mita ya kumwinua. Wataalamu wengi wa mambo haya wangeniambia nikutajie kwanza vyandarua maalumu na ngazi za kitambaa vya kumbiringishia mtu. Ni vizuri, kwenye maji tulivu. Kwenye mawimbi kitambaa kinaelea, kinajikunja, hakikubali kwenda chini yake, na wewe huna mtu wa pili wa kukishika.

Ngazi ya nyuma? Ndani ya mwamba, maji yametulia na yeye ana nguvu zake, mwache apande, usijisumbue na kapi. Nje ya mwamba, sahau. Nyuma ya boti inayopigapiga inaweza kumvunja shingo. Kama mna kiboti cha mpira na kimejazwa upepo, kinaweza kuwa daraja: mtu hujibiringisha ndani yake kwa urahisi zaidi kuliko kupanda ubavu, ukampandisha sitahani kutoka hapo.

Na kama amezirai? Hapa nitasema neno gumu, ulibebe. Usiruke. Mkiwa wawili, aliyebaki juu habanduki kwenye boti, hata kama anayemwona majini ni mumewe. Boti isiyo na mtu huondoka kwa kasi ambayo hamtaifikia kamwe, na baada ya hapo wanaotafutwa ni wawili. Mshike kwa upondo wenye kulabu, pitisha kulabu kwenye kitanzi cha jaketi, na kapi itamwinua vilevile, anajiweza au hajiwezi. Lakini hiyo inawezekana tu kama amevaa jaketi lenye kitanzi cha kuinulia na mkanda wa kupita kati ya mapaja. Bila mkanda huo jaketi litapanda litoke kichwani, yeye abaki majini. Mtu aliyezirai bila jaketi sina njia ya kukuonyesha ya kumtoa peke yako, na ninakuambia hivyo ili ukumbuke siku atakaposema kuna joto.

Bahari yetu inatupa kitu kimoja ambacho Tabarly hakuwa nacho. Maji ni nyuzi 25 hadi 29, hayamkati mtu pumzi pale pale wala kumlegeza mikono ndani ya dakika kumi kama ya Ulaya. Una muda, kwa hiyo fanya vitu polepole na kwa mpango. Akiwa amekaa majini saa nzima au zaidi, hata maji ya vuguvugu yatakuwa yamemnyonya joto na nguvu; hapo jaribu kupitisha mkanda wa pili chini ya magoti ili apande amelala badala ya kuning'inia wima. Mtu aliyechoka sana akivutwa wima kutoka majini, shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla.

Redio. Usingoje mpaka ushindwe. Boti ikishalala na boya liko majini, kama hayuko ubavuni tayari, fungua kifuniko cha kitufe chekundu cha VHF ukishikilie, kisha sema kwenye chaneli 16: Mayday mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali mlipo, mtu mmoja majini, niko peke yangu, nahitaji msaada. Andika maneno hayo kwenye kadi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, uibandike juu ya redio, kwa sababu aliye karibu anaweza kuwa mvuvi wa Shimoni au meli ya kontena. Mombasa na Dar es Salaam kuna vituo vya kuratibu uokoaji baharini, na upande wa Zanzibar KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) wana boti za kuokoa. Ila kwa uzoefu wangu wanaofika kwanza ni wavuvi. Ukimtoa mwenyewe kabla hawajafika, rudi chaneli 16 useme ameshapatikana. Hakuna atakayekugombeza.

Akishafika sitahani na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, kama ambavyo bado naona watu wakifanya ufukweni. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kisha gandamiza kifua mara 30 na pumzi mbili, uendelee. Anayepumua bila fahamu mlaze ubavu. Na akiwa anaongea, anacheka, anasema yuko sawa, kama alimeza au kuvuta maji bado mpeleke hospitali. Mapafu yanaweza kujaa saa kadhaa baadaye.

Kuhusu kutoanguka nitasema machache, maana hukuniuliza. Anayekojoa akojoe chooni au kwenye ndoo. Mwanaume aliyesimama ukingoni usiku, mkono mmoja tu umeshika, ndiye ninayemwogopa kuliko dhoruba. Usiku hakuna anayetoka kwenye kiti cha nyuma kwenda mbele bila kumwamsha mwenzake, kwa sababu otopailoti haijui kwamba hakuna mtu: itaendelea kwa uaminifu mpaka Tanga, na wewe umelala chini. Kamba ya usalama iwe fupi, ya mita moja, na ishikwe kwenye mstari wa katikati ya sitaha. Ile ya mita 2 inaweza kumfikisha mtu majini huku angali amefungwa. Juni 2011 nahodha mmoja wa boti ya mbio alikufa hivyo katika Mlango wa Uingereza, akiburutwa ubavuni wenzake wakihangaika kumpandisha.

Mkiwa na pesa ya kifaa kimoja tu cha umeme, kiwe kile kidogo cha AIS kinachokaa ndani ya jaketi na kuonyesha mahali alipo mwenye jaketi kwenye ramani ya boti yako. Mwaka 2014 katikati ya Pasifiki, Andrew Taylor wa mbio za Clipper alikaa majini zaidi ya saa moja na nusu katika hali mbaya ya bahari, na kifaa hicho ndicho kilichowarudisha wenzake kwake. Alitolewa hai. Na kifaa hiki, tofauti na kitufe cha GPS, kinakwenda na mkondo pamoja naye.

Kabla ya Januari, chagueni siku moja Mtwapa, maji yakiwa yamesimama kati ya kujaa na kupwa, nanga chini, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Mumeo avae jaketi na suruali ndefu, aingie majini, ajilegeze. Asikuelekeze, asikusaidie hata kwa kidole. Wewe toa mfuko wa kapi, pandisha henza, kata kamba ya waya, mpachike, mzungushe. Angalia saa. Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa na utakuwa umeifunga kapi kichwa chini. Kila mtu huifunga hivyo. Rudieni mpaka ishuke chini ya dakika kumi. Na akianza kulalamika kwamba amechoka kusubiri, asiguse ngazi ya nyuma. Akae humohumo mpaka umtoe.